Hama na Namba Yako

Juzi mjukuu wangu alihama mtandao. Aliingia dukani hapa Kasulu mjini na kitambulisho chake, akabonyeza kidole kwenye kile kimashine, akatoka. Kabla hatujamaliza kuchagua dagaa sokoni, namba yake ilikuwa imekwisha kuhamia kampuni nyingine, nzima nzima, kuanzia sifuri ya mbele mpaka tarakimu ya mwisho. Hakushangaa hata kidogo. Alichonung'unikia ni foleni, maana watu wawili walikuwa mbele yake. "Bibi, hawa jamaa wanazingua," akaniambia. Nikatamani kumchapa kwa ule mfuko wa dagaa.

Sasa ninyi wenzake mnaosoma hapa, kaeni chini niwaambie. Mimi ni Mwajuma, mzaliwa wa Ujiji, lakini ukiniulizia kwa jina hilo Kasulu utazunguka mpaka uchoke. Uliza Mama Simu. Nilianza kazi kwenye mtambo wa simu Kibondo, enzi za kuunganisha watu kwa waya na mkono. Ikaja mashine isiyohitaji opereta, nikaambiwa asante, nikakaa nyumbani nauza vitumbua. Halafu kampuni moja ya simu za mkononi ikafungua duka Kasulu, ikatafuta mtu anayejua simu na anayejua watu. Kampuni yenyewe sitaitaja. Walinilipa na kuniudhi kwa kiasi kinacholingana, kwa hiyo hatudaiani.

Miaka ile, kuanzia elfu mbili na kumi na mbili mpaka kumi na tano, namba ya simu ilikuwa kama kabila. Umezaliwa nayo, utazikwa nayo. Ukitaka mtandao wa kampuni nyingine unanunua laini nyingine yenye namba nyingine. Ndiyo maana watu walitembea na laini tatu, moja kwenye simu na mbili zimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa chuo aliyening'iniza simu tatu kiunoni, ukimwona kwa mbali utadhani fundi bomba. Na ukisikia mtu anatukana mwenyewe kando ya barabara, ujue laini imemdondoka kwenye nyasi akiwa anabadilisha. Nimesaidia kutafuta laini nyasini mara nyingi. Siri ni kuinama upande jua linakotoka, ile sehemu ya dhahabu itamemeta.

Basi siku moja akaja Meneja wetu kutoka Dar es Salaam, kijana mzuri, viatu vimechongoka mbele. Vumbi la Kasulu lilivimaliza kwa wiki mbili. Akatukusanya wafanyakazi, tulikuwa wanne, akachora tarakimu kumi ubaoni.

"Nne za mbele ni za kampuni," akasema. "Sita za nyuma ni za mteja. Sisi tutampa mteja sita zake zile zile, ila kama kuna mwingine kashazichukua. Tunamwambia ahame na namba yake."

"Lakini mbele zimebadilika," nikasema. "Hiyo si namba yake."

"Mama, ni yake. Kimebadilika kichwa tu."

"Na mtu akibadilishwa kichwa, bado ni yeye?"

Akacheka mpaka akashika meza. "Mama Simu, wewe noma! Mambo ya vichwa tuwaachie Dar. Hapa ni tageti tu."

Tageti yenyewe ilihesabiwa hivi: kila mteja akihama, unaikata kwa mkasi laini yake ya zamani mbele ya macho yake, ili asirudi alikotoka. Vipande unaviweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Mwisho wa mwezi Meneja anamwaga kopo mezani na kuhesabu vile vipande kama mtu anayechambua mchele. Tukapewa fulana za zambarau, mgongoni zimeandikwa kwa herufi kubwa: HAMA NA NAMBA YAKO!

Hapo sasa ndipo ungejua kwamba mtu wa Dar hajui Kasulu. Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilikuwa imefungwa karibuni, Warundi wamerudishwa kwao. Kambini kila mtu alikuwa na namba yake kwenye kadi. Mgao ulikwenda kwa namba, na safari ya kurudishwa ilikwenda kwa namba. Watu wa vijijini, hata Waha wenyewe waliozaliwa hapa, walikuwa wanaogopa kila gari lenye kipaza sauti, maana mpakani huku nani atathibitisha babu yake alizaliwa upande gani wa mto?

Sisi tukaingia Makere na gari lenye kipaza sauti. Kijana wa matangazo kajipanga, anapiga kelele: "Hama! Hama leo! Usisubiri kesho! Hama na namba yako!"

Jamani! Kijiji kilihamia kwenye mihogo. Mama mmoja alikimbia na sufuria ya maharage yanachemka. Mzee mmoja alibaki barabarani kwa sababu miguu ilimkatalia, akainua kadi yake ya kupigia kura juu: "Mimi ni Muha! Baba yangu Muha! Babu yangu Muha! Nihame niende wapi?" Meneja yuko kiti cha mbele, anatazama watu wanavyokimbilia majumbani na mashambani, anatabasamu. "Mwitikio ni mzuri," akasema. "Wanafuata laini zao."

Tulikaa pale mpaka akaja mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Kagoma, ametokwa jasho, akaomba kuonyeshwa barua ya serikali ya kuhamisha watu. Nikamweleza kwamba tunauza laini za simu. Alikaa chini kwenye vumbi, akacheka, halafu akakasirika, halafu akacheka tena. Ilibidi yeye mwenyewe ashike kipaza sauti awaambie watu kwa Kiha kwamba watoke mihogoni, ni wachuuzi tu.

Kibondo nako tulikwenda, na huko balaa lilikuwa la namna nyingine. Kulikuwa na mfanyabiashara, Mzee Saidi, asili yake Pangani, namba yake ameiandika ukutani dukani, kwenye lori, na kwenye kila gunia. Nikamhamisha. Akamwita mchoraji, akamwambia abadilishe tarakimu nne tu, nyingine aziache. Mchoraji akabadilisha nne za nyuma. Mzee Saidi alikaa mwezi mzima hapigiwi na mteja hata mmoja, na pale zilipokuwa zinaingia simu zake kulikuwa na padre ambaye kila asubuhi anaulizwa bei ya mahindi. Padre alivumilia sana. Mwishowe alikuwa anaijua bei kuliko Mzee Saidi.

Nacheka sasa, lakini nimewaita hapa kwa sababu ya mteja mwingine.

Alikuja dukani siku chache baada ya ile vurugu ya Makere. Mama wa makamo wa huko huko Makere, kanga mbili, miguu ina vumbi mpaka magotini. Jina lake Mama Anjelina. Alikuwa na simu ya tochi amefunga kwenye leso, na leso ameifunga kwenye upindo wa kanga. Akaniambia mtandao wake wa zamani haushiki tena nyumbani kwake. Kila jioni inabidi apande juu ya kichuguu, ainue simu, asimame hapo mpaka shingo iume.

"Unampigia nani, mama?" nikamuuliza.

"Mimi sipigi. Mimi napigiwa."

"Na nani?"

"Na Anjelina. Hajapiga bado."

Anjelina ni binti yake wa pekee. Aliolewa na Mrundi wa Mtabila, na kambi ilipofungwa akaondoka na mumewe kwenda Burundi. Hawakuwa na simu. Alichokuwa nacho ni namba ya mama yake kichwani. Mama alimkaririsha usiku na mchana kabla ya safari, kama mtoto anavyofundishwa sala, na wakaagana hivi: siku utakapoona simu, ya mtu yeyote, piga. Mwaka ulikuwa unakatika.

Akaniuliza, "Mnasema mtu anahama na namba yake. Ni ile ile?"

"Ile ile," nikasema.

"Yote?"

Wanangu, hapo ndipo. Nilikuwa na foleni, nilikuwa na kopo halijafika nusu, na tarehe zimekwenda. Nikamjibu, "Ile ile mama, mbele tu ndio kumebadilika kidogo." Akacheka kwa furaha, akanishika mkono. Nikamwambia anibipu ili namba yake iingie kwenye simu yangu nisikosee zile sita za nyuma. Akabonyeza kama kidole changu kilivyomwelekeza, simu yangu ikalia mara moja. Nikamwekea laini mpya. Nikachukua mkasi nikaikata ya zamani, kopo likalia ting.

Mimi hiyo kazi nilifundishwa na mtu. Kule Kibondo, kwenye mtambo, bosi wangu alikuwa Mzee Filipo, Muha wa Kakonko, mkali kama pilipili kichaa. Kanuni yake ilikuwa moja: usichomoe waya kabla hujauliza "Mmemaliza?" Niliwahi kuchomoa bila kuuliza. Kumbe bwana mmoja alikuwa anasema na wakwe zake mambo ya mahari, amefika "mimi nasema hivi," waya ukatoka. Upande wa pili wakadhani amewakatia kwa hasira, na uchumba ukavunjika. Mzee Filipo alinikalisha siku nzima kwenye kiti bila kugusa kitu, nitazame waya. Sasa mtu aliyefundishwa hivyo, miaka yote hiyo, anashika mkasi anakata laini ya mama wa watu kwa sababu ya kopo la maziwa! Najionea haya mpaka leo.

Alirudi baada ya siku tano. Alikuwa amemwomba jirani ampigie kwa namba yake, ile anayoijua, ajaribu tu raha ya kusikia simu ikilia ndani ya nyumba. Jirani akapiga. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Mama Anjelina hajui kusoma, lakini namba yake aliijua kuliko mimi niijuavyo yangu, na alitambua kilichotokea kabla jirani hajamweleza.

Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya kaunta, akaniambia, "Umenikatia mwanangu."

Nilifunga duka. Meneja ananiuliza naenda wapi, sikumjibu. Nilimshika Mama Anjelina mkono tukatoka, milango miwili tu, mpaka kwa wapinzani wetu, nami nimevaa fulana yangu ya zambarau. Pale alikuwepo kijana Masudi, mtoto wa jirani yangu.

"Shangazi! Umehama na namba yako?" akasema. Watu wote wakacheka. Nikavumilia, nilistahili.

Masudi akaeleza kwamba kadi imekufa lakini namba bado ipo, inaweza kurudishwa kwenye kadi mpya. Ila aje mwenyewe ambaye laini imesajiliwa kwa jina lake. Akaangalia kwenye kompyuta. "Imesajiliwa kwa jina la Kagoma."

Mwenyekiti! Kumbe siku ya kusajili laini, kitongoji kile wengi hawakuwa na kadi yenye picha, Mzee Kagoma akatoa ya kwake isajiliwe kwa kila mtu. Kwa serikali na kwa kampuni, Kagoma alikuwa na laini kama thelathini, za wajane, za vijana, hata za mganga. Nikatuma bodaboda. Alikuja anajipepea kwa kofia, amejaa cheo.

"Laini ni yako?" Masudi akamuuliza.

"Zote ni zangu," mwenyekiti akasema.

"Basi nitajie namba ulizopiga hivi karibuni kwa laini hii."

Mzee Kagoma akamgeukia Mama Anjelina. Mama Anjelina akasema kwa utulivu, "Mimi sipigi. Mimi napigiwa. Tena sijapigiwa."

"Bila namba alizopiga siwezi, Shangazi," Masudi akaniambia. "Mtambo hautakubali."

Nilitaka kulia. Halafu nikakumbuka kwamba alinibipu. Maisha yake yote laini ile ilikuwa imepiga namba moja tu, na namba hiyo ni ya mfanyakazi wa kampuni pinzani. Ikabidi nisimame katikati ya duka lao, nimevaa zambarau, nitaje namba yangu tarakimu moja moja, na Masudi anairudia kwa sauti makusudi ili wateja wake wasikie vizuri. Mtambo ukakubali, namba ikarudi. Mama Anjelina aliibusu ile kadi mpya.

Lakini kule kwake haishiki, na kichuguuni mvua ilikuwa imeanza. Akafikiri, akaniambia, "Kaa nayo wewe. Wewe uko mjini, inashika. Akipiga, mwambie mama yupo, anasubiri, mpe namba yangu mpya." Tukakubaliana hivyo. Nikaiweka kwenye simu yangu ya Mchina ya laini mbili, nikawa naitilia vocha isije ikafungwa. Kila Alhamisi ananibipu, nampigia, namwambia "Bado," anasema "Haya, Mungu yupo," tunakata.

Hapa natoa ushauri wa kazi, na wenye maduka ya simu mnisikie. Kabla hujagusa laini ya mtu, muulize: namba hii nani anaijua kwa kichwa? Jina, anwani na alama za vidole ni za kampuni. Swali hili ni la mteja.

Ilipita kama nusu mwaka. Ilikuwa siku ya mnada, duka limejaa, mmoja anataka vocha, mwingine anataka nimtolee betri iliyovimba. Simu ikalia mezani. Sikuangalia ni laini ipi. Mdomo wangu ulikuwa umezoea, tangu enzi za mtambo mpaka dukani, nikapokea nikasema kwa ile sauti yangu ya kazi: "Huduma kwa wateja, karibu, nikusaidie nini?"

Kelele za soko. Halafu sauti ya mwanamke, ndogo: "Mawe?"

Huku kwetu milimani, na kule Burundi, hayo si mawe ya kujengea. Ni mama. Nilielewa papo hapo, nikaanza kusema, "Subiri, mwanangu, subiri—" lakini alikuwa amekwisha kukata.

Nikapiga. Akapokea mwanamume, mwenye kibanda cha simu. "Yagiye," akasema. Ameondoka. Anakaa wapi? Hajui, watu wanashuka kutoka vilimani siku ya soko, anajuaje? Nikapiga kesho yake, na kesho kutwa, mpaka yule bwana akanitukana.

Alhamisi Mama Anjelina akanibipu. Nikampigia. Akauliza, "Amepiga?"

Nikasema, "Bado, mama."

Nilidanganya. Niliogopa. Nilijiambia binti atapiga tena, hakuna haja ya kumuumiza mama wa watu. Hakupiga. Na mimi nikaendelea kusema "bado" Alhamisi baada ya Alhamisi, na kila nikisema, inaniwia nyepesi zaidi. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote niliyowahi kufanya kazini.

Mwaka elfu mbili na kumi na tano Burundi kukachafuka tena. Watu wakavuka kwa maelfu, mabasi yakapita Kasulu kwenda kambi ya Nyarugusu, ambayo iko huko huko Makere. Mama Anjelina akahamishia biashara yake ya viazi karibu na kambi, na kila basi likipita anasimama. Wiki tatu alisimama. Siku moja msichana mwenye mtoto mgongoni akaja kuuliza bei ya fungu, akainua macho, akapiga ukelele, akarudi kinyumenyume akaangukia viazi vya watu. Alidhani ameona mzimu.

Siku hiyo hiyo walikuja dukani wote watatu. Mama Anjelina kamshika binti mkono kama mtu aliyekamata mwizi. Nilijua ni nani kabla hawajafika kaunta.

"Mwambie uliyoniambia," mama akasema.

Anjelina akaniangalia, halafu akaangalia chini. "Nilipiga," akasema. "Nilipata mia mbili za kupigia, nikapiga namba ya mama. Akapokea mtu wa ofisi. Nikajua mama amekufa, namba yake serikali imempa mtu mwingine. Nikamlilia. Tulimfanyia matanga kule." "Nimefika Nyarugusu, wiki tatu niko saa moja ya mguu kutoka nyumbani, sikumuulizia. Ningemuulizia nani?"

Mtoto mgongoni alikuwa anachezea mkono wa fulana yangu iliyotundikwa pale.

"Uliniambia bado," Mama Anjelina akaniambia. Nilisubiri anitukane, na Mungu anajua ningeshukuru. Hakunitukana. Akasema, "Mwambie tena uliyomwambia siku ile. Kwenye simu. Yaseme vile vile."

"Mama, nisamehe."

"Yaseme."

Nikayasema. Sauti ile ya kazi haikutoka, ilitoka nyingine, ya kukwaruza. "Huduma kwa wateja, karibu. Nikusaidie nini?"

Anjelina akafikiri kwanza, kama mtu aliyeulizwa kweli. Akasema, "Namtafuta mama yangu."

Mama Anjelina akakunja mikono, akanitazama. "Haya," akasema. "Msaidie."